Machungwa Juu ya Mlango

Wilfred aliisikia ile harufu kabla ya mtu yeyote melini, akanyamaza.

Alinyamaza kwa adabu tu. Meli yao, MV Subira, ilikuwa imetoka matengenezoni, na meli ya Nahodha Shekhe ikitoka matengenezoni haing'oi nanga bila kufukizwa. Asubuhi ile pale Tanga, kabla hawajaondoka, chetezo kilizungushwa kila mahali: kwenye usukani, jikoni, chumba cha mashine, mpaka chooni, nahodha mwenyewe katangulia na dua, serahangi Zubeiri nyuma yake anapepea mkaa kwa mfuniko wa sufuria. Mwisho wakateremka nacho ngamani, lile tumbo la meli linalobeba mizigo, ambako marobota ya mkonge yalikuwa yamepangwa mpaka juu. Wakafukiza, wakatoka na chetezo chao, mifuniko mikubwa ya chuma ikafungwa. Safari ya Mombasa ikaanza, meli nzima inanukia kama chumba cha bibi harusi.

Kwa hiyo moshi mwembamba ulipoanza kutoka kwenye bomba la kupitishia hewa ya ngamani, kila aliyepita pale aliuvuta puani, akasema mashallah, akaenda zake.

Wilfred hakusema mashallah. Wilfred alikuwa Mlutheri, Mshambaa kwa ukoo, lakini kazaliwa na kukulia Pongwe kwenye mkonge, baba yake mtu wa korona, ile mashine inayokwangua majani mpaka zibaki singa, nyuzi tupu. Mtoto wa korona anaijua harufu ya singa zinazoungua ndani kwa ndani. Inafanana na nywele zilizoguswa na moto, ina ukali fulani unaokaa nyuma ya ulimi. Pua ya Wilfred ilimwambia kitu. Lakini safari moja ya nyuma alikohoa wakati wa kufukiza, na Zubeiri akatangaza mbele ya watu wote, "Mnaona? Jini la Kilutheri hilo, linatafuta mlango litoke!" Walimcheka mpaka Mombasa na kurudi. Uweso, fundi msaidizi wa mashine, ambaye walilala chumba kimoja, huyu kitanda cha juu yule cha chini, mpaka leo alikuwa anamwamsha kwa kumuuliza, "Jini limeamkaje?"

Sasa amwambie nani kwamba ubani wa nahodha unanuka vibaya?

Alijaribu kidogo, kwa kuzungukazunguka.

"Serahangi, shikamoo."

"Marahaba. Mara ya pili hii leo. Una shida gani?" Zubeiri alikuwa mkuu wa mabaharia wa sitahani, mtu mzima, mfupi, mdomo wake haujawahi kupewa likizo.

"Sina shida. Naona tu ubani wa leo mkali."

"Mkali kwa nani? Kwa sie wengine mtamu." Zubeiri hakugeuka hata kichwa. "Hebu muulize mwenzio wa ndani, labda ndiye unamuwasha."

Wilfred akacheka, akashika ufagio wake.

Kilichomtoa adabu ni miguu. Meli ilikuwa imefika usawa wa Moa, kushoto mikoko na mapaa ya bati yanang'aa kwa mbali, yeye anakatiza juu ya mifuniko ya ngama, akahisi ndala zake zinanata. Akainua mguu, ndala ikabaki. Rangi mpya ya matengenezo ilikuwa imelainika kama ubwabwa. Akaikanyaga kwa mguu mtupu ajaribu, akaruka.

"Serahangi! Njoo ushike hapa!"

Zubeiri akaja na mzaha wake mdomoni, akainama, akaweka kiganja kwenye chuma. Akakiondoa upesi. Akakitazama. Hakusema neno.

Wilfred alikuwa kamjua yule mzee miaka na miaka, na hajawahi kumwona kashikwa na jambo likamnyima maneno.

Yalifuatia makosa ya haraka. Zubeiri alilegeza vibanio vya mfuniko mmoja ili aone kuna nini chini. Nahodha Shekhe akatoa kichwa dirishani kule juu kwenye usukani, akapiga kelele, "Usifungue! Zubeiri, usifu—" Mfuniko ukawa umeshanyanyuka kiasi cha kupenya mkono.

Ngama ilivuta pumzi. Ndivyo Wilfred alivyosikia, mtu mkubwa sana anavuta pumzi ndefu kwa mdomo, na upepo ukapita miguuni mwake kuingia ndani. Kisha ikazitoa. Moto ulipanda juu kuliko mlingoti. Zubeiri alirushwa nyuma, nyusi zimekwenda, kofia imekwenda, na ule mfuniko ukadondoka upande upande, ukakaa hivyo, hauzibi tena.

Baadaye watu wenye kuchunguza walisema ni cheche za kuchomelea. Fundi alikuwa kamalizia ukingo wa ngama jana yake, na cheche ikijificha kwenye singa haina haraka. Lakini saa ile hakuna aliyewaza cheche. Waliwaza kukimbia, na hakuna pa kukimbilia.

Wakafungua mpira wa maji. Wilfred akashika ncha, Zubeiri nyuma yake akaukumbatia mpira kwa tumbo, maji ya bahari yakapiga yakageuka mvuke kabla hayajafika popote. Nahodha anaita redioni. Tanga walijibu kwamba boti ya msaada inatoka, ila wote walijua kutoka Tanga mpaka hapo ni mwendo gani. Waliotoka kweli walikuwa wavuvi wa Moa. Boti zao za faiba zikaanza kuonekana, moja, nyingine, zimeinua pua, zinakuja.

Halafu mlango wa kutokea mashineni ukafunguka, akaletwa chifu wa mashine, Hosea, kabebwa mikono na miguu, mdomo mweusi. Alikuwa anapumua, lakini pumzi zake zilikuwa na mlio.

"Uweso yuko wapi?" Wilfred akapiga kelele.

"Chini," akajibu mmoja wa waliombeba. "Chuma cha kukazia mkanda wa pampu kimekatika. Kauegemea kwa mtaimbo. Akiachia tu, hamna maji."

Basi hali ikawa hivi. Moto uko ngamani, mbele. Chumba cha mashine kiko nyuma, chini. Katikati kuna ukuta wa chuma, na nyuma ya ukuta huo ujia mwembamba ambao ndiyo njia ya kuingilia na kutokea mashineni. Ukuta ulikuwa umeshaanza kubadilika rangi. Nahodha aliutazama mara moja, akashuka na kitambaa mdomoni.

"Tunaiacha meli," akasema. "Wote. Mtangulizeni Hosea. Zubeiri, wewe na Wilfred mwagieni maji huo ujia, mwiteni Uweso atoke, mfuate. Sitaki ushujaa hapa, mmenisikia?"

"Tumekusikia, nahodha."

Simu ya kuongelea na mashineni ilikufa zamani, na kwenye matengenezo wakapaka rangi tu juu yake. Wao waliongea kwa bomba la pampu: unagonga kwa spana, wa chini anasikia, anagonga kujibu. Zubeiri akagonga mfululizo, ule ugongaji wa kuita mtu. Wakasubiri. Bomba likajibu, mara mbili, fupi.

"Anakuja?" Wilfred akauliza.

"Anakataa."

"Anakataa vipi?"

Zubeiri alikuwa anakohoa, machozi yanamtoka kwa moshi. "Fikiri na wewe, Mshambaa! Akiacha mkanda, maji yanakatika. Maji yakikatika, huu ujia unakuwa tanuri. Na ndipo apite! Hatafika mlangoni."

"Basi sisi tusimame hapa, tuendelee kumwagia."

"Mimi nakwenda wapi? Si nimesimama?"

Wakasimama. Maji yalipiga ule ukuta kwa mlio wa kukaanga, na mvuke ukarudi usoni ukawachoma. Wilfred akaelewa vizuri kinachotokea, akatamani asingeelewa. Uweso hawezi kutoka kwa kuwa anawapa wao maji. Wao hawawezi kuondoka kwa kuwa maji ndiyo yanamlindia Uweso njia. Wameshikana hivyo, na moto uko katikati unakula taratibu, hauna habari na mtu.

"Serahangi," akasema, "mie niliisikia hii harufu tangu asubuhi."

"Ya nini?"

"Ya mkonge. Niliijua. Nikaona haya kusema."

Zubeiri akatema mate meusi. "Hata mie niliisikia."

"Wewe?"

"Nikajua nahodha kanunua ubani wa bei chee. Na mie nikaona haya." Akacheka kicheko kibaya kilichoishia kwenye kikohozi. "Kaza mkono! Juu kidogo, juu!"

Rangi ya ukuta ikaanza kupasuka vipandevipande. Nyuma yao watu wengine walikuwa wameshashushwa kwenye boti za Moa, na sauti ya Nahodha Shekhe inawaita kutoka majini, inawaita kwa majina, mara kwa ukali, mara kwa kubembeleza.

"Si kuna ule mlango wa dharura?" Wilfred akasema ghafla. "Ule wa nyuma kabisa, wenye ngazi ya kwenda chini?"

Zubeiri akageuka, uso umemng'aa. Halafu ukazimika. "Machungwa," akasema.

Wilfred naye akakumbuka.

Kila baharia wa pwani ile ana mzigo wake pembeni. Mshahara ni wa tajiri, mzigo wa pembeni ni wako. Msimu wa machungwa ya Muheza, mzigo ni machungwa, maana Mombasa yanagombaniwa. Na machungwa hayataki jua. Pale nyuma, chini ya turubai, penye upepo na kivuli, ndipo pazuri kuliko kote, na sakafuni pale pale ndipo ulipo mlango wa dharura wa chumba cha mashine. Kila mtu alijua. Kila safari mtu mmoja alisema, jamani, tumeziba mlango, na mwingine akamjibu, tutayatoa Mombasa. Magunia yalikuwa ya lumbesa, yamejazwa kupita midomo na kushonewa kilemba juu, yamepandana kimo cha mtu. Ya nahodha yalikuwa chini kabisa, kwa kuwa yeye alipakia wa kwanza. Mawili yalikuwa ya Wilfred.

"Shika mwenyewe," Zubeiri akasema, akauachia mpira. "Ninakwenda kuyatoa."

"Peke yako?"

"Nitayatoa kwa meno!"

Akakimbilia nyuma, akapotea moshini. Wilfred alisikia gunia la kwanza likianguka majini, likifuatiwa na tusi, na gunia jingine. Kisha jikoni, hapo juu yao, mtungi wa gesi ukapasuka.

Hakusikia mlio. Alijikuta kakaa chini, mpira wa maji unajipigapiga ovyo sitahani, masikio yanalia nzi. Vipande vya kioo vilikuwa vinanyesha. Alipoangalia nyuma, turubai halipo, Zubeiri hayupo. Alitambaa mpaka ukingoni, akamwona majini, kichwa tu, mkono mmoja unapiga maji, na boti ya Moa inamwendea. Boti zote nyingine zilikuwa zinarudi nyuma. Watu wamesimama ndani, mikono kichwani. Hakuna atakayekuja tena hapa, na asingewalaumu.

Akabaki Wilfred.

Alikuwa amevaa laifujaketi. Ukingo uko hapo, hatua ya mtoto. Yeye hajui kuogelea, Uweso alimfundisha mara nyingi na akashindwa, akisema Washambaa wameumbwa kwa mawe. Lakini laifujaketi ingemuinua. Angeruka, wangemwokota, na hakuna mtu Pongwe wala Tanga nzima ambaye angemuuliza kitu. Nahodha alishasema hataki ushujaa. Mwili wake wote ulitaka kuruka. Magoti yalikuwa yameshaelekea kule.

Bomba likagonga. Mara moja, fupi.

Uweso alikuwa anauliza. Ule mshindo wa mtungi aliusikia kule chini, sasa anauliza kama kuna mtu.

Wilfred akaokota spana, akagonga kwa pupa, mara tatu badala ya moja. Akaushika mpira tena, akaupiga ujia maji. Ukuta ulikuwa mwekundu pale katikati, wekundu wa giza, kama jicho la mgonjwa. Akajua hausubiri. Akisimama hapa na maji yake, ataona ukuta unafunguka, na wote wawili watakuwa wamesubiriana mpaka mwisho. Njia iliyobaki ni ile ya nyuma, na ya nyuma haifunguki bila mikono, na mikono iliyopo ni hii miwili iliyoshika mpira.

Lakini akiuachia mpira, na machungwa yakimshinda, atakuwa amemfungia Uweso njia zote mbili kwa mkono wake mwenyewe.

Hakuamua, kusema kweli. Aliona tu mikono yake inaufunga mpira kwenye nguzo kwa kamba, ncha imeelekea mlango wa ujia. Maji yalipiga ukuta nusu, nusu yakapiga hewa. Ikabidi iwe hivyo. Akakimbia.

Nyuma kulikuwa na moshi mzito wa kushikika. Alivuta gunia la kwanza, halikusogea. Lumbesa hubebwa na watu wawili, na wakishuka wanalalamika. Akavuta tena, akaanguka. Akachomoa kisu cha kukatia kamba, akalichana gunia tumboni. Machungwa yakamiminika, yakaviringika kila upande, yakamwingia chini ya miguu, akaanguka tena, akainuka anachana la pili, la tatu, anayasukuma kwa mikono, kwa magoti, kwa kifua, analia kwa sauti bila kujua kama analia. Mengine yalikuwa yameshaiva kwa joto la sitaha, yanapasuka mkononi, maji yake yanamchoma penye michubuko. Alikanyaga machungwa yake mwenyewe, akakanyaga ya nahodha. Harufu ilikuwa tamu. Ilimtia kichefuchefu.

Mlango ukaonekana. Duara la chuma, mpini katikati, vyote vimepakwa rangi mpya nyeupe mpaka vimeshikana. Akaushika mpini, ukagoma. Akaupiga teke. Ukagoma. Akatafuta kitu, akapata kipande cha nguzo ya turubai, akakipitisha kwenye mpini, akalala juu yake kwa uzito wake wote, akamwita Yesu, na kwa kuwa alikuwa na haraka akawaita na wale ambao Zubeiri huwaita. Rangi ikapasuka, mpini ukazunguka.

Alipouinua, moshi wa chini ukampiga usoni.

"Uweso! Uweso! Huku!"

Injini ndogo ya pampu ilikuwa inanguruma. Hakuna mtu anayeweza kusikia jina lake katika ule mngurumo. Wilfred alichungulia shimoni: ngazi ya chuma iliyosimama wima, taa moja hafifu mbali chini, na giza linalozungukazunguka. Alisubiri. Hakuna aliyekuja.

Alichukia kuliko kitu chochote alichowahi kukichukia duniani kutia mguu wake kwenye lile shimo. Akautia. Kila kipandio kilikuwa cha moto kupita kilichotangulia. Alilichana shati, akalichomoa chini ya laifujaketi, akajizungushia mikononi, akaendelea kushuka huku anahesabu majina ya dada zake ili asifikiri, Ruthi, Elizabeti, Ruthi, Elizabeti, maana ni wawili tu.

Alimkuta Uweso kampa mgongo. Kavua nguo zote, kabaki na bukta, kaulalia mtaimbo kwa bega na mikono yote miwili, mkanda unazunguka unapiga kelele, na mbele yake mlango wa ujia uko wazi. Kule mlangoni mwanga ulikuwa wa rangi ya machungwa, na ukuta ulikuwa umeanza kuachia cheche. Uweso alikuwa anautazama huo mlango tu, kafumba jicho moja kwa jasho, midomo inacheza.

Wilfred akamgusa bega.

Uweso akapiga yowe, mtaimbo ukamponyoka, nusura umvunje Wilfred taya. Mkanda ukalegea, ukapiga kwi kwi kwi. Wakatazamana.

"Nani kashika mpira?" Uweso akapiga kelele.

"Hakuna!"

"Hakuna?"

"Mlango wa nyuma uko wazi! Twende!"

Maji yalikuwa yameshakatika. Walijua bila kuambiwa, maana ule mlio wa kukaanga uliokuwa kule juu ulinyamaza, na badala yake ujia ukaanza kuunguruma wenyewe. Wakakimbilia ngazi. Uweso akashika kipandio cha kwanza, akakiachia na kupiga kelele. Viganja vyake havikuwa na ngozi, mtaimbo ulikuwa umeimaliza. Akajaribu kwa viwiko, akateleza.

"Panda wewe," akasema. "Mie siwezi kushika."

"Nyamaza! Kanyaga!"

Wilfred akaingiza kichwa chini ya makalio ya Uweso, akasimama naye. Hivyo ndivyo walivyopanda. Uweso anakanyaga kwa vidole, anajibana kwa viwiko na mgongo, na Wilfred chini yake anamsukuma kwa kichwa na mabega, kipandio kwa kipandio, shingo inamlia. Chini yao kitu kikadondoka kwa mshindo mkubwa. Mwanga ukaja, mwanga mwingi, ukapanda nao shimoni. Wilfred alihisi nywele za miguu zikikunjamana. Hakutazama. Alisukuma mpaka uzito ukamtoka kichwani, akajua Uweso kafika juu, akajirusha naye nje, kwenye machungwa.

Hawakulala pale. Sitaha ilikuwa haishikiki. Wakaenda mpaka ukingo wa nyuma, huyu anamvuta yule, wakasimama. Bahari ilikuwa chini sana, na ya kijani, na imejaa machungwa.

"Ruka," Uweso akasema.

Wilfred hakuruka. Alikuwa kashika chuma cha ukingo kwa mikono miwili, na vidole havikutaka kumsikiliza. Katoka motoni, na bado maji yanamtisha.

"Wilfred. Mie mikono sina. Nikiingia humo peke yangu nazama kama nanga. Laifujaketi unayo wewe." Alisema polepole, kama anayeongea na mtu aliyepanda mti. "Nishike kiunoni. Usiniachie. Basi, hiyo tu."

Wilfred akakiachia chuma kidole kimoja kimoja, akamkumbatia, na Uweso akajitupa nyuma pamoja naye.

Boti iliyowaokota ilikuwa ya mtu wa Moa aitwaye Mudathir, kijana mwenye ndevu, ambaye ndiye pekee aliyekuwa amegeuza pua kurudi. Alipata shida kuwatoa majini, kwa kuwa Wilfred hakukubali kumwachia Uweso hata walipokuwa wameshikwa wote wawili. Ilibidi wavutwe pamoja, kama nyavu. Boti ya pili ilikuwa karibu, na humo Nahodha Shekhe alikuwa kasimama anahesabu vichwa kwa kidole, akifika mwisho anaanza upya, na Zubeiri kalala miguuni pake kafungwa kichwa kanga ya mtu.

"Wote," nahodha akasema. "Wote, jamani. Wote." Akakaa.

Nyuma yao Subira ilikuwa inaungua kutoka mbele mpaka nyuma. Mudathir akawasha mashine, wakaelekea Moa.

Uweso alikuwa kalazwa chini ya boti, mikono yake kaiweka kifuani viganja juu, asiviguse popote.

"Maji yalipoacha kuupiga ukuta vizuri, nilisikia," akasema mwishowe. "Mlio ulibadilika. Nikajua umekwenda zako."

Wilfred akamtazama.

"Nilikutukana, sikufichi. Nilikutukana wewe, nikamtukana baba yako, nikapanda milima yote ya Usambaa nawatukana mmoja mmoja."

"Sasa mbona hukuachia mkanda? Ungekimbilia ujia, ungejaribu."

Uweso alifikiri. Uso ulikuwa umemvimba, jicho moja limefunga kabisa. "Nilikuwa najiambia naachia sasa. Halafu najiambia, labda mpira kashika mwingine. Labda Zubeiri. Nikiachia, huyo naye anaungua kwa ajili yangu." Akameza mate. "Nikabaki hivyo hivyo. Naachia sasa, naachia sasa. Mpaka ukanishika bega." Akamgeuzia uso. "Ulirudi kwa nini?"

"Sikurudi," Wilfred akasema. "Sikuwa nimeondoka."

Uweso akafumba lile jicho lililobaki, akatikisa kichwa kidogo, ndiyo au hapana haikujulikana.

Na pale pale, kitu ambacho Wilfred alikuwa amekishikilia tangu mguu wake ulipotoka kwenye ndala kilimwachia. Kilianzia kwenye taya, meno yakagongana, kikashuka mabegani, mikononi, magotini, akawa anatetemeka mwili mzima juani kweupe, anashika ubao wa boti na ubao nao unatetemeka, maji ya chini ya boti yanacheza.

"Kaka," Mudathir akasema kwa upole, mkono kwenye usukani, "njoo ukae hapa katikati. Ukikaa ukingoni hivyo utatupindua."

Wilfred akasogea katikati, akaweka kichwa cha Uweso mapajani pake kisigonge mbao, wakatetemeka pamoja mpaka pwani.